Kaunta ya Na Wanawe

Jengo la Na Wanawe lilijengwa kinyumenyume. Kaunta ilitangulia, kuta zikafuata.

Tajiri aliyelijenga alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Katika safari zake aliona mahali fulani kaunta ya mbao ngumu, ndefu, pana, imenakshiwa pembeni, akaipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya jamaa zake. Akaagiza ya kwake, kubwa zaidi. Ilipofika, mafundi waliiweka katikati ya kiwanja kitupu, wakaifunika turubai isipigwe na jua, ndipo wakaanza kupanga matofali kuizunguka. Hakuna aliyewaza habari ya mlango. Jengo lilipokwisha, fundi mkuu aliipima kaunta, akaupima mlango, akaipima tena kaunta, kisha akasema anakwenda kunywa maji. Kwa kila mwenye macho ilikuwa wazi kwamba kaunta ile haitoki humo hata kwa dawa.

Juu ya mlango tajiri aliandikisha jina lake kwa herufi za saruji, nene kama mikate, na mwisho akaongeza NA WANAWE. Wana wenyewe walikuwa wawili, na wakati huo kazi yao kubwa ilikuwa kulia. Miaka ikapita, na kwa kuwa mvua ya mji ule hupiga kutoka upande mmoja, jina la baba likamong'onyoka, likaanguka barabarani kipande baada ya kipande. NA WANAWE ikabaki pale juu, imara, bila baba. Mpaka leo mtu akikuelekeza njia atakwambia, "Nenda mpaka Na Wanawe, halafu kata kushoto," na ukimuuliza ni wana wa nani atakuona una maswali ya kipolisi.

Lakini habari hii si ya tajiri. Ni ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ile maisha yake yote, ambaye watu walimwita Bwana Kaunta hata wakalisahau jina alilopewa na mama yake.

Aliajiriwa akiwa kijana, shati moja, viatu vya kuazima. Tajiri alimfundisha mambo mawili. La kwanza, kulaza kitambaa kwenye kipimo cha yadi, ule ufito wa shaba uliopigiliwa ukingoni mwa kaunta, bila kukivuta, maana kuvuta kitambaa cha mtu ni wizi wenye adabu. La pili, asiguse jora lolote kabla hajamuuliza mteja, "Ya nani, na ya shughuli gani?" Tajiri aliamini kwamba nguo iliyouzwa bila kujulikana shughuli yake hurudi dukani na ugomvi. Na kwa ajili ya ugomvi ambao ungerudi hata baada ya swali hilo, alitundika ukutani ubao mweusi wenye maandishi meupe: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Siku moja akaingia msichana, akataka bitana.

"Ya nani, na ya shughuli gani?" akauliza Bwana Kaunta.

"Yangu. Ya gauni la harusi."

"Hongera. Unaolewa na nani?"

"Sijajua bado. Ila fundi wangu ni mvivu, nimeona nimpelekee kazi mapema."

Bwana Kaunta akapima bitana ile polepole kuliko alivyowahi kupima kitu chochote, akakosea, akapima upya, akakosea tena kwa makusudi. Harusi ilifanyika, gauni halikukosa bitana, na tangu siku hiyo alimwita mkewe Bitana. Mwenyewe hakukasirika. Alisema watu wengine huona kitambaa cha juu tu, lakini kinachogusa ngozi ya mtu ni bitana.

Haukupita muda mrefu, tajiri akatoka. Hakuna zaidi ya kueleza: alitoka. Alichukua mwavuli wake, akasimama mlangoni, akamwambia Bwana Kaunta, "Kaa hapo kwenye kaunta. Usiondoke mpaka nirudi."

"Ndiyo, tajiri," akaitikia Bwana Kaunta.

Tajiri hakurudi. Wengine walisema amekufa, wengine walisema ameoa tena mji wa mbali, na kwa jinsi watu walivyozisimulia, habari hizo mbili hazikutofautiana sana.

Mtu mwingine angengoja kidogo, akafunga mlango, akaenda kutafuta kazi kwingine. Bwana Kaunta alitoka katika ukoo usiokuwa na shamba wala mifugo ya kurithishana. Baba yake alimwachia neno moja tu, kwamba ahadi ni deni, na yeye alilishika neno hilo kama wenzake walivyoshika hati za viwanja. Alikuwa ameitikia, na kuitikia ni kuahidi. Alijiruhusu jambo moja tu: kwa kuwa duka hufungwa jioni, na Jumapili kutwa, aliona amri ile haihusu saa za kufunga. Basi giza likiingia akaenda kwake kulala, na kabla jua halijachomoza akarudi.

Wale wana, ambao sasa walikuwa vijana wenye ndevu na haraka, wakaja kuchukua mali ya baba. Walichukua majora, rafu, pangaboi na kioo kikubwa. Kaunta waliisukuma pamoja na wapagazi mpaka mmoja wao akateguka kiuno, wakaiacha. Ubao wa MALI IKISHAUZWA nao waliuacha, kwa sababu fundi umeme aliwaonya kwamba msumari wake umeshikana na waya, na ukichomolewa mtaa mzima utalala gizani. Kisha wakamtazama Bwana Kaunta.

"Na wewe?"

"Mimi nimeambiwa nikae mpaka arudi."

Ndugu wale wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa mtoto aliyetengua neno la baba. Wakamwacha na kaunta yake, wakalipangisha jengo.

Wapangaji wa kwanza walikuwa benki. Meneja alipoingia alimkuta mtu mwenye shati safi amesimama nyuma ya kaunta, akadhani ametumwa na makao makuu. Makao makuu nao wakasikia yupo, wakadhani meneja ndiye aliyemtafuta. Nje wakapaka rangi neno BENKI mahali palipokuwa na jina la baba, ikasomeka BENKI NA WANAWE, na watu wakaona ni jambo zuri kwamba benki imefikiria watoto. Kazi ilikwenda vizuri. Tatizo ni kwamba kila aliyekuja kutoa fedha zake aliulizwa kwanza, "Za nani, na za shughuli gani?" na wengi, kwa kuwa hawakuwahi kuulizwa na mtu, waliduwaa pale, wakafikiri, wakaziacha. Hakuna benki iliyowahi kuwa na wateja wenye akiba kama wale. Ilihama kwa sababu nyingine kabisa, nafikiri ya choo.

Ikaja ZAHANATI NA WANAWE. Watoto wachanga walilazwa kwenye ule ufito wa shaba, na mama akaambiwa mwanawe ni yadi kasorobo, bila kuvutwa. Mgonjwa akisema ana homa, Bwana Kaunta humuuliza, "Ya nani, na ya shughuli gani?" Kuna mzee mmoja aliyewaza swali hilo kwa muda, akajibu kwa unyonge, "Yangu. Ya kukwepa kikao cha ukoo," akaondoka amepona bila kumwona daktari.

Baada ya zahanati likaja kanisa, na mchungaji akahubiri akiwa amesimama juu ya kaunta, akitembea kutoka ncha hii hadi ile, ubao wa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI nyuma ya kichwa chake. Ulimfaa sana kwenye mada ya wokovu. Bwana Kaunta aligawa vitabu vya nyimbo, na kwa kuwa ibada ni Jumapili, siku yake ya mapumziko ikaliwa. Kanisa lilipohama lilichukua viti na kipaza sauti, lakini Jumapili halikuirudisha. Waliofuata walimkuta anafungua kila siku, wakadhani ndio utaratibu.

Waliofuata ni CHUO CHA UDEREVA NA WANAWE, ambacho hakikuwa na gari. Wanafunzi walikaa juu ya kaunta wameshika sahani, wakaendesha, na Bwana Kaunta akapita mbele yao akiwa ng'ombe anayekatiza barabara. Waliohitimu pale mpaka leo ni waangalifu kupita kiasi wakikutana na ng'ombe. Wakikutana na magari mengine, Mungu ndiye anayejua.

Na mwisho kabisa ikaja ofisi ya kufungishia ndoa. Hapo Bwana Kaunta alijiona amerudi nyumbani, kwa sababu swali lake lilipata mahali pake. Bibi na bwana wakisogea kwenye kaunta huwauliza ni ya nani, na ya shughuli gani, na wapo waliotazamana wakaomba wapewe muda. Waliooana na baadaye wakagombana walikuja kumlalamikia yeye, mke huku, mume kule. Hakuwa na maneno mengi. Aliwaonyesha ubao kwa kidole, nao wakarudi nyumbani pamoja kwa kukosa pa kupeleka kesi.

Msinielewe vibaya, hakuwa mjinga. Ni mtu aliyeanza na jambo dogo la heshima, likakua naye mpaka likawa kubwa kuliko yeye. Kila mpangaji alimkuta kazini akaona haya kutomlipa, kila mteja alimkuta pale akaona ni haki yake kumkuta. Kawaida ni kama sheria.

Aliyelipa ni Bitana. Aliwalea watoto mchana peke yake, akawapeleka shule, hospitali na kwa bibi yao peke yake. Mumewe alitoka nyumbani giza halijaisha na kurudi giza limeshaingia, tena amechoka, maneno yote ameyamaliza kwa watu. Alimpenda, hilo lilijulikana hata na majirani. Mara mojamoja Bitana alikwenda kumtembelea kazini, akapanga foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akaulizwa kwa mazoea, "Ya nani, na ya shughuli gani?"

"Yangu. Ya kukuona."

"Wapo watu nyuma yako, mama watoto," Bwana Kaunta alinong'ona huku uso ukimwiva kwa aibu, na Bitana akapisha.

Mtoto wao wa mwisho alipoolewa, nyumba ikanyamaza. Mwaka huohuo macho ya Bitana yakaanza kumsumbua. Akawa anagonga milango, anamwaga maji pembeni mwa kikombe. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, kwamba uoni wake unajifunga kutoka pembeni kuja katikati, taratibu, na kilichokwenda hakirudi. Dawa ingechelewesha tu.

Jioni ile alimpakulia mumewe chakula, akakaa mbele yake.

"Unajua nimekuona mara ngapi kwenye jua?" akamuuliza.

Bwana Kaunta akadhani ni utani.

"Siku ile dukani nilikuwa natazama bitana, sikukutazama wewe. Siku ya harusi nilikuwa na shela usoni. Baada ya hapo Jumapili ulizilala ndani mpaka giza, na kanisa lilipozichukua ikabaki taa tu, baba watoto. Nimezeeka na wewe kwenye taa. Nataka tunywe chai ya saa nne, mimi na wewe, pale barazani penye mwanga, nikutazame vizuri kabla macho haya hayajajifunga, kama daktari alivyosema."

"Bitana, unajua nimeambiwa..."

"Najua ulichoambiwa. Subira yavuta heri, sikatai. Ila mimi mkono umenichoka kwa kuvuta."

Bwana Kaunta alikula chakula kile bila kujua ni nini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliitaka ruhusa ya kuondoka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Unaweza kusema angeacha tu kwenda, kaunta isingemfukuza. Ndivyo Bitana alivyowaza pia, lakini alimjua mumewe. Angekaa barazani bila ruhusa, angekaa kama mtoro, shingo upande, sikio mlangoni, na Bitana angetumia macho yake ya mwisho kumtazama mtoro. Ilikuwa lazima aachiliwe.

Bwana Kaunta akaanza na wale wana. Sasa walikuwa wazee wenye fimbo, wanaishi nyumba moja na kugombana kuhusu dirisha. Aliwaeleza shida yake.

"Tunakuelewa sana, ndugu yetu," akasema mkubwa. "Lakini neno ni la baba. Tukikuruhusu leo na akirudi kesho, tutamwambia nini?"

"Baba yenu akirudi kesho atakuwa na umri wa mlima."

"Mlima nao una heshima yake," akasema mdogo. "Sisi ni wana tu, hata pale juu ya mlango ndivyo palivyoandikwa. Halafu jengo lenyewe tumeliuza. Kazungumze na mwenye mali."

Mwenye mali alikuwa binti msanifu majengo, amesoma, mchangamfu, mwenye mapenzi makubwa kwa vitu vya kale na haraka kubwa kwa watu wa kale. Alitaka kulifanya jengo hoteli ndogo, ya wageni wanaopenda kulala mahali penye historia. Aliahidi hatabadilisha chochote, na ili mafundi wasije wakakosea, kila kitu cha asili kilibandikwa kibati chenye namba: ngazi, madirisha, ubao wa MALI IKISHAUZWA, kaunta. Bwana Kaunta alibandikwa chake kwenye mfuko wa shati.

"Binti yangu," akamwambia, "nilikuwa naomba niondoke."

"Babu, ungesema mapema. Umeshasajiliwa pamoja na kaunta. Nikikutoa, jengo linakosa hadhi ya kuwa la kale, na kamati itanifungia."

"Basi niombee kwa kamati."

Binti huyo hakuwa na roho mbaya. Akaiita kamati ya majengo ya kale, nayo ikaja asubuhi moja, mwenyekiti, mjumbe wa sheria na seremala, wakaketi kwenye viti vya mafundi mbele ya kaunta. Wapita njia walipoona watu wamekaa rasmi mbele ya Bwana Kaunta, wakaingia, wakapanga foleni nyuma yao bila kujua ni ya nini.

Swali lililokuwa mezani ni je, Bwana Kaunta ni kitu kinachohamishika au kisichohamishika. Seremala akazunguka nyuma, akamgonga begani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasema kwa maoni yake ya kitaalamu mti huu bado mzuri, haujaliwa na mchwa.

"Lakini amejengewa humu au ameletwa?" akauliza mjumbe wa sheria.

"Niliajiriwa," akasema Bwana Kaunta.

"Kuna aliyekuona ukiajiriwa?"

"Tajiri."

"Yuko wapi?"

"Ndiye ninayemngoja."

Wakaandika kwamba asili yake haithibitiki. Mwenyekiti akauliza kama kuna yeyote katika mji anayekumbuka kaunta ile bila mtu huyu, na foleni nzima ikatikisa kichwa. Hapo jambo likawa jepesi. Mwenyekiti, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, akasoma uamuzi: mtu huyu ni sehemu ya kaunta, na kaunta haihamishiki, hata ukuta unajua. Hata hivyo, sehemu iliyochakaa inaweza kuondolewa ikiwa mahali pake patawekwa nyingine ya umri uleule na iliyozoea hali ileile. Kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya vigae.

Bwana Kaunta akainamisha kichwa. Wapi atampata mtu wa umri wake atakayekubali kusimama pale badala yake? Rafiki zake walikuwa wamekufa au wamepata akili. Aliona ile chai ya barazani inakwenda, na akaona uchungu ambao hata siku ya kumzika mama yake hakuuona, kwa sababu mama aliaga, na hii ilikuwa inakwenda bila kuja.

"Umri uleule ninao," ikasema sauti kutoka kwenye foleni.

Alikuwa Bitana. Alikuwa amekuja mwenyewe, akipapasa kuta, na kikapu mkononi chenye chupa ya chai na vikombe viwili. Alikuwa ameamua kwamba kama mtu haendi kwenye chai, basi chai itamfuata, hata kama ni ya kunywewa kwenye foleni.

"Mama, wewe ni nani?" akauliza mwenyekiti.

"Mkewe. Yeye amemngoja tajiri, na mimi nimemngoja yeye, kwa muda uleule, mahali pamoja vilevile. Kama ni kuzoea, sijui unataka mazoea gani zaidi."

Kamati ikanong'onezana. Seremala akawasimamisha mume na mke bega kwa bega, akasema mama ni mfupi lakini tofauti inavumilika. Mjumbe wa sheria akageuza karatasi zake mbele na nyuma, hakuona pa kumkatalia. Basi mwenyekiti mwenyewe akainuka, akatoa kile kibati kwenye mfuko wa shati la Bwana Kaunta, akakibana kwenye gauni la Bitana, akatamka kwamba sehemu ya zamani imeondolewa rasmi na haina wajibu tena mahali hapa.

Bwana Kaunta akainua kibao cha bawaba kilichokuwa mlango mwishoni mwa kaunta, akatoka, na Bitana akaingia. Halafu mumewe akageuka. Miaka yote hiyo hakuwahi kusimama upande wa wateja akaitazama kaunta ikiwa na mtu nyuma yake. Hakujua kama ni ndefu vile kwenda juu, wala kwamba mtu aliye ng'ambo huonekana mbali kiasi kile. Alimwona mkewe amesimama pale alipokuwa amesimama yeye, mdogo, mikono juu ya mbao, macho yakimtafuta mahali ambapo hakuwapo. Aibu ilimshika.

"Bitana, sikutaka hivi. Nilitaka tukae wote."

"Umetoka kwa ruhusa?" akamuuliza.

"Nimetoka kwa ruhusa."

"Yupo mtu hapa anayekudai neno lolote?"

Bwana Kaunta akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba hakuna.

"Hakuna," akasema Bwana Kaunta, na alipolisema akasikia kifua kikifunguka.

"Haya." Bitana akabandua kibati kwenye gauni lake, akakilaza juu ya kaunta, akachukua kikapu, akapapasa kibao, akakiinua, akatoka.

"Mama, unakwenda wapi?" akauliza binti msanifu. "Wewe ndiye wa hapo sasa."

"Nakwenda kwangu."

"Huwezi kuondoka hivi."

"Nani ameniambia nikae?"

Wajumbe wakatazamana. Kila mmoja alikumbuka vizuri alichosema asubuhi ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia akae. Mjumbe wa sheria akarudi kwenye karatasi zake. Mwenyekiti alifungua kinywa kumwambia sasa, kisha akamtazama yule mama anavyoutafuta mkono wa mumewe hewani, akakifunga, akasema kikao kimeahirishwa.

"Nishike," Bitana akamwambia mumewe. "Ngazi za nje sizioni vizuri."

Hoteli ilifunguliwa baadaye, HOTELI NA WANAWE, na nasikia inajaza. Kibati kile bado kiko juu ya kaunta alipokiacha, na wageni hupiga picha mahali ambapo hapana mtu.

Wao wawili walifika nyumbani jua likiwa kali. Bitana akamkalisha mumewe barazani upande wa mwanga, akamimina chai, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Uoni uliobaki ulikuwa tundu dogo katikati, kwa hiyo hakuweza kumwona mzima. Ilimbidi amtazame kipande kipande, akisogeza kichwa polepole kama anayesoma: paji la uso, halafu nyusi, halafu jicho moja.

"Kumbe una kovu hapa," akasema. "La lini?"

"La utotoni."

"Miaka yote hii sikulijua."

Bwana Kaunta akataka kumwambia kitu, machozi yakamtangulia. Mabega yakaanza kumtetemeka, na kidevu nacho.

"Acha kulia, baba watoto, unanitikisia uso," Bitana akamwambia. "Bado sijafika kwenye masikio."

Akatulia. Akaweka mikono yake magotini na kumwachia uso, na chai ikapoa.